Kona Kali Kushoto

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi,
unaingia na mlango wake.
Ni Juni, saa kumi na mbili jioni, jua limeshafunga duka,
na mimi, Yasna, fundi wa majokofu ya kiwanda cha kaa,
nimevua buti, nimekaa mbele ya kompyuta
iliyotupwa na ofisi ya bima.
Niliipangusa vumbi, nikaitia Linux, ikafufuka.

Kuna ngwini kwenye skrini.
Kisiwani watalii hulipa boti wakawatazame;
wangu ananitazama bure,
kitambi mbele, kama mkaguzi asiye na haraka.

Mchezo niliupata kwenye mnada wa kanisa,
diski yenye mikwaruzo: magari ya mashindano, misitu, matope.
Uliandikiwa Windows, haujui lugha ya nyumba hii.
Nikauletea mkalimani, yule mwenye jina la mvinyo,
asimame katikati, amwambie huyu alilosema yule,
na mgeni asigundue kwamba amevuka mpaka.

Usiku wa kwanza: faili halipo.
Usiku wa pili: faili lipo, ila silo.
Usiku wa tatu nikabadilisha neno moja kwenye mstari wa amri,
ndiyo ikawa hapana,
na injini ikanguruma!
Skrini ikabaki nyeusi ti, kama sufuria iliyounguza.

Nilikuwa naunyoosha mkono niuzime
mjomba Evaristo aliposema kutoka kochini:
"Hiyo gia ya tatu. Mwambie apunguze."
Miaka thelathini na moja aliendesha lori la kondoo,
Porvenir hadi Cameron, changarawe mwanzo mwisho,
mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya leseni, kisha dunia.
"Hakuna mtu, mjomba. Ni mchezo tu. Na hauna picha."
"Picha ya nini?"

Nikamkabidhi vitufe.
Ndani ya giza yumo msoma ramani, hachoki:
kona kali kushoto, mita mia, nyoosha, kulia pole.
Mjomba alitii kila neno
na bado akaingia mtaroni mara kumi na moja.
"Huyu ananiambia njia inaenda wapi," akalalamika,
"haniambii mimi niko wapi."

Basi nikaketi na lugha ile yenye jina la chatu.
Mistari sitini, chai nne.
Programu inachungulia kumbukumbu ya mchezo,
inatafuta namba moja tu, gari limeachana vipi na katikati ya njia,
halafu inagonga: tk, tk,
sikio la kushoto ukikaribia mtaro wa kushoto,
la kulia ukikaribia wa kulia,
haraka zaidi kadiri unavyokaribia kulia na kusaga meno.

Jaribio la kwanza akaruka moja kwa moja korongoni.
Nilisahau alama ya kutoa. Kushoto kwangu kulikuwa kulia.
"Umenipa barabara ya ndani ya kioo," akasema,
na akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Nikaongeza kistari kimoja, kifupi kuliko kope.
Akamaliza.
Wa mwisho kati ya magari kumi na sita,
bampa likiburuzwa nyuma, nalisikia.
Akataka tena. Akataka tena hadi saa nane usiku.

Agosti mkalimani alipata toleo jipya.
Nikawasha, na picha ikaja, bila kuombwa:
miti bapa kama katoni za maziwa,
watazamaji wasio na nyuso, anga la rangi ya sabuni.
"Mbona umenyamaza?"
"Picha imerudi, mjomba."
Akapunguza gia, akapita kona, tk moja tu.
"Huko kwako kuna kondoo upande wa kulia?"
"Hakuna."
"Basi picha yako haijakamilika," akasema, na akapiga honi
wapishe.

Nikazima skrini, nikaacha injini.