Jipu Baridi

Walisema ni farasi,
yule mwekundu aliyenibwaga mwezi wa tatu,
barafu ya Arkhangai ingali ngumu kama sakafu.
Batsukh, mume wangu, akamtazama kwa jicho la kisasi.

Lakini maumivu ya farasi hupoa.
Haya yalingoja usiku hemani,
yakarudi palepale, katikati ya mgongo,
kama mbwa anayeijua nyumba yake.
Jasho. Nguo zikaanza kunipwaya.
Msimu wa kukama ulipofika
sikuweza kuiinamia ndoo.

Zahanati ya wilaya ikalaumu maziwa mabichi.
Wiki sita nikameza vidonge vya homa ya mifugo.
Binti yangu, akinisugua mafuta ya kondoo,
akasimamisha kidole:
“Mama, hapa kuna kitu kinachungulia.”

Ulaanbaatar, Daktari Nominchimeg
aliinua picha dirishani.
Pingili mbili zimeliwa, zimeegemeana
kama walevi wawili,
na kando yake mfuko wa usaha.
“Jipu baridi,” akasema.
Halichomi, haliivi, halina haraka.

“Ni kifua kikuu.”
Nikakigonga kifua changu:
hakikohoi, kizima kama ngoma!
“Kimehamia mfupani,” akasema. “Jina halijui njia zake zote.”

Sindano ndefu ikachota kinofu.
Mashine ilijibu siku ileile;
chupa ya kuoteshea vijidudu, ile inayosema
dawa ipi itaua na ipi itapuuzwa,
ikataka wiki sita.
Hakuingoja. Alinikwaruza nyayo kwa ufunguo.
“Unahisi?”
Nahisi.
“Basi kisu kitangoja.”

Dawa nne, kisha mbili, mwaka mzima.
Mkojo ukawa rangi ya chungwa,
hata theluji nyuma ya hema ikaijua siri yangu.
Nililala kama gogo ndani ya korseti
nikisikiliza maziwa yakigonga ndoo
kwa mdundo usio wangu.

Sasa nainama. Si sana.
Kinundu hakikurudi ndani, wala hakitarudi:
mifupa imeungana ilivyoangukiana.

Farasi tulikwisha kumuuza,
kabla ya picha, kabla ya sindano,
ili tupate nauli.
Yuko ng’ambo ya mto, kwa akina Luvsandorj.
Nikipita huinua kichwa, hunitambua.

Sijui farasi huombwaje radhi.