Maoni Kuhusu Kadi ya Tatu

Ukumbi wa ushirika, Pasua, mwezi wa saba.
Baridi imeshuka na ukungu wake hadi madirishani,
mlima hatujauona tangu Jumatatu.
Nimepanga viti, soda, sambusa,
kinasa sauti chenye jicho jekundu,
na kadi nne, uso chini,
kama mcheza karata asiyejua ameshika nini.

Ya kwanza ina utepe wa waridi.
"Hii ni kamati ya sendofu," anasema Aikande,
"mchango elfu hamsini, na sare juu yako."
Wanacheka. Naandika: *utepe haukueleweka.*

Ya pili ina bibi mwenye mvi, mkono kifuani.
Wanamtazama kwa adabu,
jinsi unavyotazama picha ya marehemu usiyemjua.
"Pole yake," anasema mmoja, na kuirudisha mezani.
Ana miaka ishirini na miwili.

Ya tatu ni maneno matupu:
CHUNGUZA KIFUA CHAKO KILA MWEZI.
"Changu kinabana tangu Mei," anasema Nakijwa,
"nakunywa tangawizi."
Hapo Manka, muuza sidiria za mitumba Kiboriloni,
anaweka chupa yake chini.
"Dada, ni titi. Andika titi.
Neno hilo nalinadi toka alfajiri mpaka jua linazama,
kwa walimu, kwa wake wa wachungaji,
nawapima kwa macho, huyu thelathini na nne, huyu arobaini,
sijaona aliyezimia."
Naandika titi.
Miaka sita ya kazi hii, na kalamu bado inatazama pembeni.

"Halafu nijichunguzie wapi? Tunalala wanne,
na swichi ya taa iko kwa mwenye nyumba."
"Na nikikuta kitu?"
Nageuza kadi. Nyuma ni nyeupe.
"Weka jina," anasema Manka.
"Usiandike kituo cha karibu. Jina la mtu, na mlango wake."

Mchana ni zamu ya wahudumu:
wauguzi wawili, mkunga, na tabibu Elinisafi
aliyekuja na koti lake la zamu.
Kadi ya nne ni yao:
KIJANA PIA HUUGUA. USIMRUDISHE NYUMBANI.
"Foleni watu themanini," anasema mkunga,
"chumba hakina pazia. Nimvue nani, mbele ya nani?"
Naandika: *pazia.* Napigia mstari.

Tabibu ameishika kadi
muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.
"Hapa mmemwandikia mtu mkali," anasema.
"Mimi sikuwa mkali. Sikumfukuza mtu.
Nilimtuliza. Nikamwambia wewe bado mdogo, binti,
hizo ni homoni, zitapita.
Akanishukuru. Alitoka anacheka.
Akarudi baada ya mavuno mawili ya kahawa."
Anaomba nizime kinasa sauti.
Nazima,
na alichosema baada ya hapo hakimo kwenye ripoti,
wala humu.

Kabla ya kuondoka aliazima kalamu,
akakata maneno yetu yote kwa mstari mmoja,
akaandika chini, kwa mwandiko uliosomeka, ajabu kwa tabibu:
*Usiseme "bado mdogo". Sema "hebu tuangalie".*

Nimekunja viti. Sambusa mbili zilizobaki
amezichukua mlinzi.

Usiku, bafuni kwangu Rau,
ndoo ya maji haijapata moto vizuri.
Nimeisimamisha kadi ya tatu dirishani, kando ya sabuni,
nikainua mkono wa kushoto,
mimi ambaye sikuhesabiwa kati ya washiriki.
Nikazunguka polepole, juu, kwapani, chini.
Sikukuta kitu.
Nilikuta nimeruka kama niliyemwagiwa barafu:
vidole vyangu mwenyewe.
Watu wanne wenye shahada tuliandika kadi ile,
na hakuna aliyekumbuka Julai ya Moshi.

Nimeongeza kwa kalamu, pembeni, kabla sijavaa:
*Pasha mikono kwanza.*