Pumba za Bahi

Nguzo kumi na nne za mkaratusi,
miguu nimeipaka oili chafu ya gereji kwa Mbeleje
maana mchwa wa Bahi hawana adabu.
Juu bati, pembeni bati, geji thelathini,
lile jembamba, ukiligusa kwa ukucha linajibu.

Mwaka mzima nimeranda mbao ndani ya sufuria.
Saa saba mchana gundi inakauka mdomoni mwa chupa
kabla haijafika kwenye kiungo.
Mlango wa mninga wa mwalimu Ndahani
asubuhi uliingia kwenye fremu, jioni ukagoma.
Mshumaa niliousahau rafuni
niliukuta umeinama
kama mtu anayetafuta sindano.
Ikija Julai, upepo unapiga filimbi
kwenye kila tundu la msumari, kila tundu na sauti yake.

"Weka pamba ya kioo," alinishauri kijana wa duka la vifaa, Dodoma mjini.
Akataja bei.
Nikamwomba arudie, si kwamba sikusikia.

Kumbe mali imelala nyuma ya mashine ya kukoboa:
pumba za mpunga, kilima kizima,
watoto wanakiteleza, mwenye mashine anakichoma apate nafasi.
"Beba," alisema, "magunia tu urudishe."

Safari thelathini na moja za mkokoteni, mimi na Nyemo.
Pumba kwenye kola, pumba masikioni, pumba kwenye ugali.
Tukachanganya na chokaa, jivu kiasi,
panya akae mbali, mchwa afikiri mara mbili.
Ubao mmoja, jaza, shindilia.
Ubao wa pili.
Nyaya za umeme kwanza, nilisahau, bomoa, anza tena.
Sechelela akaja kudai mchi wake.
"Unatwanga ukuta?"
"Natwanga."
"Na kupepeta lini?"

Mama naye alikuja, akaweka kiganja ukutani,
akakiacha hapo muda mrefu.
Amezaliwa kwenye tembe, Chikopelo:
udongo juu, udongo pembeni, mbuzi chumba cha pili,
na jua la Oktoba, anasema,
lilikuwa linaishia mlangoni kama mdai aliyeambiwa baba hayupo.
"Tukaambiwa bati ndiyo maendeleo. Tukabomoa.
Leo wewe unalivisha bati nguo
lifanane na nyumba ya mama yangu."
Sikujibu.
Nilikuwa na misumari mdomoni, nikaishukuru.

Kabla hatujaziba ukuta wa mashariki
Nyemo aliandika kwa penseli upande wa ndani wa ubao.
Jina la msichana. Akalifuta kwa msasa.
Akaandika urefu wake, futi tano inchi mbili, na mwaka.
Nilijifanya natafuta timazi.

Wiki ya tatu pumba zilishuka.
Nilijua zitashuka,
hakuna kilichoshindiliwa kisichotamani hewa.
Shubiri nzima ya utupu chini ya dari;
ndiyo maana ubao wa juu kabisa nimeufunga kwa skrubu.
Ukuta huu utakula tena.

Sasa gundi inanisubiri.
Mlango wa mwalimu unafunga kwa kidole.
Mshumaa mwingine upo rafuni tangu Septemba,
umeegemea kidogo, sitasema uongo.
Dari ni magunia ya katani yaliyochovywa chokaa,
juu yake pumba, juu yake bati, mbali kabisa,
kama kitu cha watu wengine.

Na Desemba, alasiri, nikiwa juu ya mguu wa kitanda,
Nyemo alisimama mlangoni analowa, anacheka,
anasema kitu.
Mvua ya kwanza. Ilikuwa imeshaanza zamani.
Mtu wa Bahi, mvua inanyesha juu ya kichwa chake
na yeye anapuliza vumbi la msasa!
Zamani tungenyamaza wote, bati lingesema peke yake.

Nikafungua dirisha, randa bado mkononi,
nisikilize ya kwa jirani.