Swali la Kumi na Saba

Karatasi ni ya kijani kibichi,
kalamu imefungwa kamba mezani kama mbuzi.
Swali la kumi na sita: Je, unavuta sigara?
Swali la kumi na saba: Je, unavutiwa na nani?
Viboksi viwili. Weka alama kimoja.

Sointu ametoka Kemi kwa treni ya usiku,
saa kumi njiani, theluji ikimwandama dirishani,
mkobani ana mkate mweusi aliofungiwa na Irmeli,
mkewe wa miaka kumi na tisa.

Daktari ni mpole. Upole wake ndio unaochosha.
"Kama unapenda wanawake," anasema,
"si ungebaki tu ulivyokuwa?
Njia ingekuwa fupi."
Nje, mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
krrr, krrr,
na Sointu anasubiri amalize.

"Daktari, sikuja kutafuta wa kulala naye.
Huyo ninaye.
Nimekuja ili akinikumbatia
awe anamkumbatia mtu aliyepo."

Hapa nakatiza, mimi ninayeandika.
Lugha yao ina neno moja kwa mume na mke,
na yangu pia: yeye.
Nikisema "amefika", hakuna anayeuliza suruali au gauni.
Ila tukifika kwenye ndoa tunagawana vitenzi:
huyu ameoa, yule ameolewa,
mtenda na mtendwa, kila mtu na mlango wake.
Siku tatu nimemzungusha Sointu nje ya nyumba hiyo.
Alioa, cheti kinasema.
Sasa je, ameolewa? Na nani,
ikiwa Irmeli naye aliolewa?
Ndipo nikakumbuka kile kiambishi kidogo cha mwisho,
kile cha ngojana, cha zoeana, cha gombana:
wameoana.
Mlango wa uani, haukuwahi kufungwa.

Lakini usidhani Irmeli alipita humo akiimba.
Mwaka mzima alilala chumba cha cherehani.
"Wewe umejijua," alisema. "Na mimi je?
Mimi nilipenda ndevu zako.
Sijawahi kumtazama mwanamke nikakosa usingizi."
Sointu hakuwa na jibu. Aliosha vyombo,
akaviosha tena.

Akaja Urho, dereva wa gari la kufagia theluji,
ambaye mama yake alimzaa akamsukia nywele.
Ujana wake wote alipenda wasichana, kwa dhati,
hadi dawa ilipomshusha sauti ikatua kifuani,
na asubuhi moja fundi wa mabomba akainama chini ya sinki lake,
na Urho akasahau kahawa jikoni ikafurika.
"Mimi hamu yangu ilihama," akamwambia Irmeli.
"Ya Sointu haikuhama hata hatua.
Yako sijui. Usiniulize kanuni,
mimi ni mtu wa theluji tu."
Irmeli akacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Jumamosi wakaingia sauna, wao wawili,
kwanza kila mmoja na taulo lake, kama wageni.
Maji yakalia juu ya mawe.
Irmeli akachukua sabuni bila kuombwa,
akaanzia mabegani, akashuka,
akifika palipobadilika mkono unapunguza mwendo,
hausimami.
"Bado sijui mimi ni nani," akasema.
"Wala jina lake silijui.
Sogea, moto unaniunguza upande huu."
Sointu akasogea.
Kilichofuata ni chao.

Machi, karatasi ya kijani ikarudi kwa posta.
Penye viboksi viwili Sointu hakuwa ameweka alama,
aliandika pembeni, kwa herufi ndogo: Irmeli.
Mtu ameigongea muhuri mwekundu:
JIBU HALIKUBALIKI. JAZA UPYA.

Irmeli aliisoma akiwa amesimama,
akaisoma mara ya pili akiwa ameketi,
kisha akaikunja akaiweka chini ya kuni.
Kuni zenyewe mwaka huu zilikuwa mbichi.
Karatasi ilisaidia.