Barabara Zenye Kutu

Mgeni akishuka stesheni huuliza kwanza habari ya barabara:
mbona nyekundu hivi, kama lori la kutu limepinduka
kutoka hapa hadi darajani?
Ni maji, namwambia. Tunayavuta kutoka chini ya ardhi,
yana vuguvugu la kisima, yana chuma ndani yake.
Tunayarusha kwa vitundu vilivyopangwa katikati ya njia
usiku theluji inaposhuka.
Theluji huyeyuka. Chuma hubaki.

Kazi yangu ni vitundu hivyo.
Kila Novemba napiga magoti na waya mkononi,
nazibua kimoja kimoja, kama mtu anayesafisha
masikio ya mtoto asiyetulia.

Nagaoka maana yake Kilima Kirefu.
Usihangaike kukitafuta.
Utaona mpunga, kisha mpunga,
milima imejipanga mashariki, vilima magharibi,
na kati yake Shinano, mto mrefu kuliko yote nchini,
ulioshuka na udongo wa watu wengine
ukaumwaga hapa, nasi tukauita kwetu.

Upepo hutoka Siberia mikono mitupu,
hunywa bahari njiani hadi ukalewa,
ukifika kwetu hauwezi kupanda mlima na mzigo,
basi huutua juu ya mapaa yetu.
Hiyo ndiyo jiografia yote.
Mengine ni koleo.

Bibi yangu Masue alikuwa akichimba figili
ng'ambo ya magharibi, jembe likagonga kitu
kilicholia tofauti na jiwe.
Kigae. Ukingo wake umepinda juu, umechongoka,
umejikunja kama ulimi wa moto unaotafuta hewa.
Akakiosha kwenye ndoo, akakiweka rafuni kando ya chumvi.
Kilikaa hapo miaka kumi na minane
mpaka mtu wa makumbusho alipokuja, kofia mkononi,
akakigeuza, akameza mate:
Mama, hiki kina miaka elfu tano.

Bibi akauliza: Na walikuwa wakipika nini?

Yule bwana alicheka. Bibi hakucheka.
Alimwonyesha upande wa ndani: masizi,
meusi, makavu, yameng'ang'ania udongo.
Mfinyanzi hulia gaeni, wasemavyo,
lakini huyu hakuwa na haya hiyo;
alisokota udongo kama kamba, pindo juu ya pindo,
akauvalisha taji lisilofaa hata kushikia,
kisha akalitia jikoni kama sufuria yoyote.
Hapakuwa na mpunga bado, wala mfalme,
wala mtu wa kuandika jina lake.
Wengine wanasema taji lile ni moto,
wengine mawimbi, wengine upanga wa jogoo.
Bibi alisema ni mtu aliyechoka na msimu wa baridi.

Muda mrefu baadaye wakaja wenye panga na ramani.
Bwana mmoja alijenga ngome ukingoni mwa mto.
Mto haukupiga hodi. Uliutafuna ukingo
mwaka baada ya mwaka, bila haraka, kama mzee mwenye meno mawili,
mpaka watu wakahamia ng'ambo na boriti zao
wakaanza mji upya, huu huu.
Ngome hiyo ya pili nayo haipo.
Penye ngome pana stesheni,
na aliposimama mlinzi, mashine inauza kahawa ya kopo.

Jana saa tisa usiku simu ililia:
mtaa wa Omotemachi, vitundu sita havirushi.
Nilikuwa nimebandika maharage.
Nikatoka nimevaa buti moja vibaya,
nikapiga magoti kwenye theluji, nikachokoa, nikachokoa,
hadi maji yakaniruka usoni, ya vuguvugu, yana ladha ya msumari.

Niliporudi, Kinuyo amesimama na sufuria,
anakwangua weusi wa chini kwa kijiko cha mbao.
Hakusema kitu.
Nilitaka kumwambia: Bibi, nimejua.
Walikuwa wameitwa nje.