Herufi Ishirini

King'ora cha kiwanda hakijamaliza kulia
na maombi yamekwisha kunipangia foleni kwenye skrini.
Kumi na saba. Kila moja na vitufe viwili chini yake:
Idhinisha. Kataa.
Hakuna kitufe cha "njoo kwanza tuongee".

Naanza na mepesi, kama mtu achambuaye maharagwe.
Nasimiyu wa zahanati anataka orodha ya likizo. Chukua.
Makokha wa karakana kasahau nenosiri, mara ya nne mwezi huu,
analaumu miwani. Chukua, Makokha,
na usiliandike ukutani tena.
Dereva mmoja anaomba kuona mishahara ya watu wote.
Sababu: Kujua tu.
Kataa. Nami nadaiwa sababu, naandika:
Mishahara ya watu si gazeti, ndugu yangu.
Ndivyo mfumo ulivyo. Anayeomba hapimwi maneno,
anayekataa ndiye hujieleza.

Ombi la tisa nalisoma mara mbili.
Lumbasi, mpwa wa meneja, wiki tatu kazini,
aomba ruhusa ya kuhariri uzito wa miwa
baada ya trekta kupimwa.
Kuhariri. Si kuona.
Sababu: Kazi.

Baba yangu alilima miwa Shianda, ekari moja na robo.
Alikuwa akisema trekta tulilokodi lina tundu lisiloonekana:
hutoka shambani na tani kumi,
hufika kwenye mizani na nane,
na barabarani hakuna kilichodondoka
ila ile miwa wanayochomoa watoto wa shule,
na tumbo la mtoto, alisema, halibebi tani mbili.
Stakabadhi mama alizitia kwenye kopo la Kimbo.
Hadi leo zanuka mafuta.
Sijui mkono wa nani uliandika nane.
Labda nao ulikuwa na ruhusa.

Kataa. Sababu: Uzito ukishapimwa umepimwa.
Simu ya mezani inalia kabla kidole hakijarudi.
"Imali, huyo kijana mfungulie tu. Ni mtu wetu."
Nasema, Bosi, fomu inataka sahihi ya mhasibu.
Nasema, mfumo hauniruhusu.
Uongo huo. Mfumo unaniruhusu mengi,
mimi ndiye nisiyejiruhusu.
Anakata. Hajamaliza, namjua.

Zamani ruhusa ilikuwa chuma, ilining'inia kiunoni
mwa Mzee Shiundu wa bohari.
Ukimwomba gunia, hutazama viatu vyako kwanza.
Mwenye nia mbaya, alisema,
uso hukutazama wewe, viatu hutazama mlango.
Mimi viatu vya Lumbasi sivioni. Naona jina lake na saa aliyoomba:
saa tano na dakika arubaini usiku.

Ombi la mwisho limejileta lenyewe.
Kila miezi sita mfumo huuliza:
Ruhusa ya B. Shiundu, Bohari, inakaribia kuisha. Aendelee?

Tulimzika Jumamosi, Butere,
mvua ikitunyeshea wakubwa kwa vibarua
bila kuuliza cheo cha mtu.

Kataa.
Sababu: Amepumzika.
Mfumo unanijibu kwa wekundu:
sababu isipungue herufi ishirini.

Nakaa. Dirishani harufu ya molasi, nzito,
na matrekta yakinguruma bila kusogea.
Kidole kimelala juu ya kibodi kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Haya basi. Naandika:
Alihesabu magunia kwa chaki miaka thelathini na mmoja
na mlango alikuwa akiufunga mwenyewe, akiusukuma mara mbili
kuhakikisha.

Asante, mfumo unasema. Ombi limeshughulikiwa.

Na juu kabisa ya skrini, jipya, lina nukta nyekundu:
Lumbasi.
Sababu: Kazi tafadhali.

Navuta kiti.