Ghala Tupu, Uyole

Mwezi wa tatu ghala huwa halina kitu.
Mahindi ya mwaka jana yamekwisha kwenda Tunduma,
ya mwaka huu bado yako shambani, mabichi,
nami mtunza ghala nabaki na funguo,
panya wenye njaa,
na mizani isiyo na cha kupima.

Ndipo Tusekile Mwasomola akaja na ombi lake.
“Huko niendako,” alisema, “tunakimbia ndani ya nyumba.”
Nilicheka. Nyumba gani hiyo?
Kwetu mtoto akikimbia ndani hufinywa sikio.
Yeye hakucheka. Alivua malapa,
akanyoosha kamba kutoka ukutani hadi mlangoni:
mita hamsini na mbili.
Mbio zao ni sitini.

Basi tukafungua mlango mkubwa wa malori,
na mita nane za mwisho zikawa nje, matopeni.

Mstari nilichora kwa chokaa.
Bastola sina, niligonganisha vipande viwili vya mlingoti.
Kaa tayari... pa!
Lakini mvua ya Mbeya ikishukia bati
haimwachii mtu nafasi ya neno, sembuse ya pa.
Alijifunza kunisikia humo humo,
kama mama amsikiavyo mwanawe akilia katikati ya ngoma.
Jioni nilimkwangulia njumu kwa kisu cha magunia;
kila mguu ulirudi na shamba lake.

Gwakisa na wapagazi wenzake, wasio na mzigo,
walikaa kando wakiwekeana dau la sigara:
leo atateleza, leo hateleza.
Hakuteleza. Alifumba tu macho
kila alipoutoka mlango, maji yakimpiga usoni.

Siku yenyewe tuliegemeza simu ya Gwakisa
kwenye jiwe la ratili.
Ukumbi ule! Sakafu ya buluu kama sketi ya shule,
taa nyingi, hata kivuli hakina pa kujificha.
Wanawake wanane wameinama,
wetu njia ya pili, nywele amezisuka upya.
Kisha likaja jambo ambalo sikumwandalia:
wakanyamaza.
Maelfu ya watu, kimya,
kama msibani kabla marehemu hajatajwa jina.
Na Tusekile, aliyezoea kuokota mlio kwenye gharika,
akabaki kitambo kidogo akiitafuta mvua.

Wenzake walishaondoka.

Akawafuata. Mita ya ishirini, wa nane.
Ya arobaini, wa sita.
Ambakisye kapanda juu ya mizani anaruka,
mshale unakwenda na kurudi,
hamsini, hamsini na mbili,
na pale nikamwona akifumba macho.
Mtangazaji alisema jambo kwa lugha yake.
Gwakisa akasema ni uchovu.
Mimi niliujua mlango aliokuwa anautoka.

Wa tano. Sekunde saba na vipande vyake.
Hakuvuka kwenda nusu fainali.
Nikachukua ufagio, nikafagia palipokwisha fagiwa.

Alirudi Mei, akaketi juu ya mizani yangu
(kilo hamsini na tisa, sikumwambia),
akala kiazi cha kuchemsha na chumvi.
Nilimwomba radhi kwa ule ukimya.
“Tafuta namna,” alisema. “Mwakani unigongee usiku.”
Usiku Uyole kuna mbwa, kuna malori ya Zambia.
Nilimwambia tutajaribu saa tisa.

Sasa ni Julai. Magunia yamefika darini,
mstari wa chokaa umelala chini ya tani mia mbili,
isipokuwa kipande kifupi karibu na mlango,
upana wa mtu mmoja.
Wapagazi wanapita hapo na kilo mia mgongoni,
shingo zimekaza, hawaoni hata vidole vyao,
na bado wakifika pale
kila mmoja anainua mguu.
Hakuna aliyewaambia wasiukanyage.